Sedani ya kifahari kwa mfuko wa mwanachuo: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Mwanachuo wa Dar es Salaam mwenye milioni 15 akiingia yadi ya magari, macho yake huenda moja kwa moja kwenye nyota ya Benzi au grili mbili za BMW. Bei iliyobandikwa kiooni haiko mbali na ya Toyota iliyosimama pembeni, na wakati mwingine iko chini yake. Magari haya yalitoka kiwandani kwa ajili ya watu wenye uwezo. Yakichakaa bei yake hushuka, lakini bei ya spea zake hubaki palepale. Kwa hiyo tumepanga orodha hii kwa swali moja: kipuri cha kwanza kikifa, utakipata Kariakoo au Ilala siku hiyohiyo kwa hela uliyonayo, au gari litalala chini ya mwembe mwezi mzima?

Kabla ya kutazama gari lolote, gawa fedha. Ukiwa na milioni 15, gari lenyewe lisizidi 11. Nusu milioni hadi milioni moja iende kwenye kubadilisha umiliki, bima na wakili. Inayobaki ni ya miezi mitatu ya mwanzo: oili na filta, plagi, mafuta ya gia boksi, pedi za breki, kulanti (maji ya rejeta), fani belti, na karibu kila mara matairi mawili. Kama milioni 11 haipati Toyota Mark X nzima, namba 1 ya orodha hii, shuka daraja. Usichukue Mark X mbovu kwa matumaini kwamba fundi ataimaliza taratibu.

Piga na hesabu ya petroli. Injini ya lita 2.5 kwenye foleni za Morogoro Road au Bagamoyo Road itakupa kilomita 7 hadi 9 kwa lita. Ukienda kilomita 20 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hizo ni kilomita 500, yaani lita 60 na zaidi. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, ni karibu 190,000 kila mwezi kabla hujaosha gari. Kama boomu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) ndilo linalobeba mafuta, soma namba 2 kwa makini kuliko namba 1.

1. Toyota Mark X, lita 2.5

Kizazi cha kwanza kilitoka mwishoni mwa 2004 hadi 2009, cha pili kikafuata hadi 2019. Namba ya chesisi inakuambia ulichosimama mbele yake. GRX120 ni lita 2.5 inayosukuma matairi ya nyuma. GRX121 ni lita 3.0; GRX125 ni 2.5 inayovuta matairi yote manne. Kizazi cha pili, GRX130 ni 2.5 na GRX133 ni 3.5. Dalali anaweza kukuuzia GRX121 huku akisema ni 2.5, nawe utakuja kuujua ukweli kituo cha mafuta. Linganisha chesisi iliyogongwa kwenye bodi na iliyoandikwa kwenye kadi, pamoja na cc (ujazo wa injini).

Chukua GRX120 au GRX130. GRX125 ina shafti za mbele na difu ya ziada, uzito na gharama ambazo barabara ya lami haizidai. GRX121 inakula mafuta zaidi bila faida utakayoiona mjini. Kati ya hizo mbili za 2.5, ya kwanza ina nguvu za farasi 215 na Toyota waliitengeneza kwa petroli ya daraja la juu. Ya pili ina 203 na imetengenezwa kwa petroli ya kawaida. Farasi 12 hazionekani barabarani. Bei ikiruhusu, GRX130 ndiyo bora.

Injini yao ni 4GR-FSE, silinda sita, inayotumia cheni ya taimingi na si belti, na ikitunzwa hudumu. Udhaifu wake mkubwa ni masizi. Petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hakuna petroli inayoosha valvu za kuingiza hewa, na mvuke wa oili unaorudi kutoka kwenye injini hugandia pale. Dalili ni gari kutetemeka asubuhi likiwa la baridi na kusita ukilikanyaga taratibu. Kumwaga dawa kwenye tangi la mafuta hakusaidii chochote, maana dawa haifiki kwenye valvu. Dawa ya kweli ni kufungua manifodi ya hewa na kusafisha valvu moja moja. Ni kazi ya siku nzima, na gaskiti za manifodi zibadilishwe palepale. Injini ya 3.5 imepona tatizo hili kwa sababu ina noze za aina mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa, ila unywaji wake si wa mwanafunzi.

La pili ni wota pampu. Tafuta alama kavu ya rangi ya waridi chini ya puli yake: ni kulanti iliyovuja ikakauka. Bado unaweza kununua, lakini bei ya pampu na kazi vitoke kwenye bei ya gari.

La tatu ni gia boksi. Haina dipstiki, kile kijiti cha kupimia kiwango cha mafuta. Inataka mafuta ya Toyota aina ya WS, na kipimo chake huchukuliwa injini ikiunguruma na mafuta yakiwa na joto la karibu nyuzi 40, kwa kufungua nati iliyo chini ya sampo. Fundi anayemimina kwa kukadiria, au anayetumia mafuta mekundu ya dramu yasiyo na jina, ndiye anayezaa gia zinazogonga. Muulize muuzaji mafuta ya gia boksi yalibadilishwa lini, na kwa aina gani. Asipojua, chukulia kwamba hayajawahi kubadilishwa.

Oili ya injini ni lita 6 na ushee. Galoni moja la lita 4 halitoshi, na Mark X nyingi zimekufa injini kwa sababu ya kipimo hicho cha Corolla. Nunua galoni la lita 4 na chupa tatu za lita moja.

2. Toyota Altezza au Mark II GX110, zenye injini ya 1G-FE

Hili ndilo chaguo la mwenye mfuko mwembamba, na hakuna aibu ndani yake. Altezza ya 1998 hadi 2005 ndiyo Lexus IS200 iliyouzwa Ulaya. Tafuta GXE10, yenye 1G-FE: silinda sita, lita 2.0, farasi 160, mtetemo mdogo kuliko gari nyingi za leo. Petroli yake hupulizwa kwenye njia ya hewa, kwa hiyo habari ya masizi haipo. SXE10 ina 3S-GE, farasi 200 na zaidi, inataka oili nzuri na dereva mwenye subira. Nyingi zimeshapigwa mbio hadi zikachoka.

Injini zote mbili hutumia taimingi belti. Ibadilishwe kila kilomita 100,000 pamoja na tenshona na wota pampu, maana vyote viko nyuma ya kava lilelile na gharama ya kufungua ni moja. Kama hakuna stika wala risiti inayoonyesha ilibadilishwa lini, ibadilishe wiki ya kwanza.

Gari hizi zina miaka zaidi ya 20. Plastiki zake zinavunjika, bushi zimekufa, waya zimeungwaungwa na mafundi wa redio. Kagua chini kuliko juu.

3. Toyota Crown Athlete na Lexus IS250

Crown ya GRS180 na GRS200 na Lexus IS250 zina injini ileile ya 4GR-FSE, kwa hiyo yote ya Mark X yanazihusu. Kilichozishusha ni bodi. Taa moja ya mbele, kioo cha pembeni au bampa ya IS250 havipatikani kwa urahisi wa Mark X, na gari lako litaegeshwa hosteli, si ndani ya geti. Ukinunua mojawapo, chora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na taa siku hiyohiyo.

4. Subaru Legacy B4

Nunua isiyo na tabo (turbo). Ya tabo, ya miaka ya 2003 hadi 2009, ni tamu, lakini oili ikichelewa tabo hufa, kwa sababu kijichujio kidogo ndani ya bolti ya mrija wa oili huziba na tabo ikabaki kavu. Taimingi belti ni kila kilomita 100,000. Ikikatika, valvu hupigwa na pistoni. Silinda zimelala pembeni, hivyo hata kubadilisha plagi ni kazi ya fundi anayeijua Subaru. Kama mtaani kwako hayupo, ruka.

5. Mercedes-Benz C-Class W204

C180 Kompressor na C200 za kuanzia 2007 zina injini ya M271. Cheni yake hurefuka na meno ya gia za kamshafti huliwa. Injini ikiwa baridi kabisa, washa na usikilize: mlio wa makopo kwa sekunde mbili tatu, kisha kimya. Ukiusikia, ondoka. Kasoro nyingine ni kufuli ya umeme ya usukani: unaingiza funguo, hakuna kinachowaka, gari limekufa pale lilipo na linahitaji fundi mwenye kompyuta ya Benzi. Gari lenyewe ni zuri sana kuendesha. Ni la mtu mwenye mshahara.

6. BMW 3 Series E90

Ya mwisho. Kwenye 320i yenye injini ya N46 mipira ya valvu hukakamaa, na oili huanza kushuka kwenye silinda. Iache iungurume dakika tano bila kuikanyaga, kisha ikanyage ghafla huku mwenzako akiangalia nyuma: wingu la bluu maana yake hedi itafunguliwa. 325i yenye N52 ni injini bora zaidi, ila wota pampu yake ni ya umeme na hufa bila taarifa, na haina dipstiki ya oili. Kiwango husomwa kwenye dashibodi. Hata betri mpya inatakiwa isajiliwe kwenye kompyuta ya gari.

Brevis hatukuipa namba. Ni rahisi na inavutia, lakini injini zake za 1JZ-FSE na 2JZ-FSE zina pampu ya petroli ya presha kubwa ambayo ikichoka gari huzimazima, na wengi huishia kubadilisha injini nzima.

Ukaguzi, asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiwashe gari. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, rudi kesho.

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya oili, ya ABS na ya mifuko ya hewa zote ziwake, kisha zizime baada ya injini kuwaka. Taa ya injini ambayo haiwaki kabisa imetolewa balbu au kuzibwa kwa nyuma, na hilo ni baya kuliko inayowaka muda wote.

Fungua rejeta ikiwa baridi. Maji yawe ya waridi, mekundu au kijani safi. Rangi ya chai ya maziwa maana yake oili imechanganyika na maji. Rangi ya kutu maana yake wametumia maji ya bomba kwa miaka. Kisha endesha dakika 20 ukiangalia mshale wa joto. Usipofika katikati kabisa, huenda themostati imeng'olewa. Mafundi wengi huitoa ili kuficha injini inayochemsha. Injini hubaki baridi, hula petroli, na tatizo lenyewe bado lipo. Angalia pia kama feni inazunguka tangu unapowasha swichi: imeunganishwa moja kwa moja, na sababu ni ileile.

Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi manne yenye majina manne yanakuambia gari lilivyotunzwa.

Usidanganywe na "hii ni namba E". Herufi ya namba ya usajili inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania; mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi. Gari la 2005 linaweza kuwa na namba mpya kabisa.

Ukitaka kuagiza Japani, ingiza gari hilo kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla ya kutuma senti. Ushuru wa bidhaa kwa injini iliyozidi cc 2000 ni asilimia 10, kati ya cc 1000 na 2000 ni 5, na gari lenye miaka 8 au zaidi huongezewa ushuru wa uchakavu. Ndiyo maana Altezza au GRX120 ya kuagiza haina maana. Zinunue hapa nchini. Kwa Kenya hakuna hata mjadala, kwani gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia.

Siku ya malipo, omba kadi halisi na si kopi, maana kadi halisi huenda iko benki kwa mkopo. Angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kwa namba ya gari, thibitisha stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA (Mamlaka ya Usimamizi wa Bima), sainini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kila mmoja na TIN na kitambulisho chake. Lipa kupitia benki kwa jina lililo kwenye kadi. Muuzaji akikuomba utume kwa jina la "shemeji", simamisha malipo hadi huyo mwenye jina aje mwenyewe.