Kijitabu cha vitenzi vya Kihispania cha Posta: jedwali zuri, maelezo ya kuchunga

Wauza vitabu wa kando ya barabara pale Posta, Dar es Salaam, na kushuka Samora wana kijitabu chembamba cha vitenzi vya Kihispania, jalada la njano, kurasa 48 za kopi zilizobanwa pini mbili. Hakina jina la mwandishi wala la mchapishaji. Bei inaanzia Sh 10,000, ukiongea vizuri unakipata kwa 7,000. Kwa hela hiyo kinafaa, mradi uwe na kalamu mkononi ya kukisahihisha. Hapa tunaangalia sura ya tener, yaani kuwa na, kwa sababu mwongoza watalii au mhudumu wa hoteli atakihitaji kitenzi hicho kabla hajafika mbali.

Jedwali lenyewe liko sahihi: tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen (nina, una, ana, tuna, mna, wana). Tena silabi yenye mkazo imekolezwa wino, jambo ambalo vijitabu vingi vya bei hii havifanyi. Ukifuata wino huo unaona siri yote. Mkazo ukiwa kwenye shina, e inageuka ie: tienes, tiene, tienen. Mkazo ukihamia mwishoni, e inabaki ilivyo: tenemos, tenéis. Tengo peke yake ndiyo yenye g, na hiyo ni ya kukariri tu. Ukishaelewa hapo, mantener (kudumisha), obtener (kupata) na contener (kuwa na ndani yake) umevipata bure, na venir (kuja) pia, ila kwa venir angalia venimos na venís, ni kwa i.

Matamshi yamekosewa. Kijitabu kinaandika "ti-e-ne", silabi tatu, wakati ni mbili: tye-ne. Tenéis nayo inatuponza kwa sababu Kiswahili kinatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Hii mkazo wake uko mwisho kabisa. Isitoshe, hakuna palipoelezwa kwamba tenéis ni ya Uhispania. Mgeni wa Meksiko au Kolombia hatakuelewa vibaya, lakini kwao ni tienen. Mfanyakazi wa hoteli anayewaita wageni kwa heshima anatosheka na tiene kwa mmoja na tienen kwa wengi, popote walikotoka.

Kilichoiharibu sura hii ni safu ya maana. Inaonekana maana zimechukuliwa kwenye kitabu cha Kiingereza kisha zikageuzwa. Kwa tengo hambre wameandika "niko katika njaa", na chini yake onyo kwamba Wahispania husema kwa namna ya ajabu. Ajabu ipi? Tengo hambre ni nina njaa. Tengo sed, nina kiu. Tengo sueño, nina usingizi. Tengo prisa, nina haraka. Tengo treinta años, nina miaka thelathini. Mswahili anazungushwa hadi Uingereza kutafuta kitu alichonacho mdomoni! Na mzunguko huo umezaa kosa: ukurasa wa 17 una "tengo muy hambre". Hambre ni nomino, kama njaa, kwa hiyo "sana" yake ni mucha: tengo mucha hambre, mucha sed, mucha prisa, kwa nomino za kiume ni mucho sueño, mucho frío. Futa hiyo muy. Onyo liwekwe pale ambapo Kiswahili kweli kinaachana na Kihispania: tengo frío, nasikia baridi, tengo razón, niko sahihi.

Mtego mkubwa zaidi hawajaugusa. Nina, ina na kuna zote zimebebwa na -na ileile, hivyo mwanafunzi wetu akitaka kusema "kuna benki karibu na bandari" anakimbilia tiene. Hapo Kihispania kinataka hay, inayotamkwa "ai": Hay un banco cerca del puerto. Tener lazima iwe na mwenye kitu: El hotel tiene piscina, hoteli ina bwawa. Kama sentensi inajibu "nani ana?" au "nini kina?", weka tener; kama inajibu "kuna nini?", weka hay, nayo haibadiliki hata vitu vikiwa vingi: hay un barco, kuna meli moja, hay dos barcos, kuna meli mbili. Maelezo haya yangeingia nusu ukurasa, na nafasi ipo, maana ukurasa wa 20 wameujaza picha ya ng'ombe dume.

Tener que, yaani inabidi au lazima, imeelezwa vizuri ila mazoezi ni matatu tu. Hayatoshi. Wengi huangusha que na kusema "tengo ir", kwa kuwa wameshazoea quiero ir, nataka kwenda, isiyo na kitu katikati. Ni tengo que ir. Tiene que pagar primero, inabidi alipe kwanza.

Halafu kuna kopi yenyewe. Mashine imekula alama za juu ya herufi, na kwenye años si jambo dogo: bila kiwimbi juu ya n, mtu anayetaja umri wake anataja matundu ya haja kubwa, thelathini kwa idadi. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa 16 uone kama kiwimbi kimetoka. Kama hakipo, chukua nakala nyingine au kichore mwenyewe.

Mazungumzo ya dukani mwishoni mwa sura ni mazuri, isipokuwa kila sentensi imeanza na yo. Kitenzi cha Kihispania kinambeba mtendaji kama chetu, hivyo yo tengo kila mara inasikika kama mimi nina, mimi nina. Kata yo zote, ubaki na haya:

—¿Tiene agua fría? (Una maji baridi?)
—Sí, tengo. Mil chelines. (Ndiyo, ninayo. Shilingi elfu moja.)
—Solo tengo un billete de diez mil. (Nina noti ya elfu kumi tu.)
—No tengo cambio. (Sina chenji.)