Kitambaa cha kijani cha mita 3 kwa 3: nimekitumia wiki tatu, kinafaa?

Mambo vipi watu wangu. Hapo nyuma yangu mnaona fukwe za Kigamboni, si ndiyo? Sasa nazima… haya, karibuni chumbani kwangu Sinza.

Mfuko unakuja na kitambaa, stendi mbili, bomba la kupitisha juu na vibanio sita. Kitambaa ni cha pamba, na hapo nawapa heko. Vile vya nailoni vinang'aa: ukivimulika vinatoa doa jeupe, na programu, ile inayofuta kijani na kuweka picha kama ya ufukwe ule, ikifika kwenye doa haioni kijani tena. Hiki kinameza mwanga.

Shida ni mikunjo. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona huu mstari? Ndipo kilipokunjwa kiwandani, na upande mmoja umeshika kivuli. Kwa macho ni kitu kidogo, ila kwenye OBS, ndiyo programu yenyewe ya kufuta kijani, unatokea kama ufa unaotetemeka kando ya kichwa changu. Nimenyunyiza maji, nimepiga pasi, kisha nikakivuta kwa vibanio mpaka kikakaza kama ngoma.

Stendi hapana. Feni ikigeukia huko tu, zinayumba. Nimezifunga chupa za maji za lita moja na nusu, mbilimbili.

Tuje kwenye taa, maana kitambaa hata kiwe kizuri vipi, mwanga ukikosewa umeumia. Wiki ya kwanza nilisimama karibu nacho, taa moja inatumulika wote. Kivuli changu kikadondoka palepale nyuma, na ule ukijani ukanirudia mabegani na masikioni. Masikio kama ndizi mbichi jamani!

Sasa nimesogea mbele mita 2. Kitambaa kina taa zake mbili, kushoto na kulia, kama nyuzi 45 hivi, aina moja, umbali sawa. Mimi nina yangu ya tatu. Kujua kama mwanga umelingana, washa ile mistari ya pundamilia kwenye kamera, inayojichora pale mwanga ulipozidi, halafu ongeza mwanga wa kamera polepole. Mistari ikianza upande mmoja, taa ya upande huo iko karibu mno, irudishe nyuma. Ikitokea kotekote kwa mpigo, umepatia. Shusha tena mpaka ipotee. Shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha, nimeweka 1/100 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa hazimemeteki, na mikono nikiipunga haiachi ukungu wa kijani.

Mtu ataniuliza kwa nini kijani. Kwenye sensa za kamera nyingi, nusu ya vitundu vinavyopokea mwanga ni vya kijani, kwa hiyo rangi hiyo inasomeka safi zaidi. Ila programu inafuta kila kijani, kwa hiyo jezi ya Yanga msije nayo hapa. Mshikaji wangu, Mwananchi wa kufa mtu, alikuja nayo Jumapili: kichwa na mikono vikawa vinaelea baharini, na vipande vya njano katikati.

Mimi ningenunua kitambaa peke yake, nikakipigilia ukutani. Ile hela ya stendi iende kwenye taa ya pili.

Hiyo milio mnayosikia ni LUKU. Taa tatu na feni, si mchezo. Acheni maswali hapo chini, nanunua umeme nije kuyajibu.