Skrini nzuri, datashiti ya uongo

Hasira yangu si kwa skrini. Ni kwa walioiuza, na kwa ukurasa mmoja wa datashiti yao, yaani hati ya maelezo ya kiufundi.

Ni ile ya inchi 4.3, pikseli 480 kwa 272, nami niliitaka kwa ubao wenye prosesa ndogo ya video inayotoa RGB sambamba, yaani nyekundu, kijani na bluu kwa nyaya nyingi kwa pamoja. Kuiunganisha hakukunisumbua. Utepe wa pini 40 uliingia sawasawa, na taa ya nyuma niliipa saketi yake ya kupandisha volti, maana zile volti 3.3 za skrini haziiwashi. Picha ikaja. Kwa mbali ilipendeza.

Kwa karibu, herufi zilikuwa zinachemka. Maandishi meupe kwenye rangi nyeusi yalizungukwa na vitone vya kijani na zambarau vinavyorukaruka. Nikijaza skrini nzima rangi moja, shwari kabisa, hakuna kinachotikisika. Ukiona hivyo, vurugu iko pale tu rangi inapobadilika, shuku kloki ya pikseli, ile ishara inayopanda na kushuka kuiambia skrini lini isome kila pikseli. Skrini husoma data kloki inapopanda au inaposhuka, kutegemea ilivyoundwa. Ikisoma wakati uleule prosesa inabadilisha data, inaokota takataka. Datashiti ilisema inasoma kloki inapopanda, tena na mchoro wakauweka. Rejista ya prosesa, pale inapowekwa mipangilio yake, nikaipanga hivyohivyo.

Nikawaandikia kwa adabu, nikaambatanisha picha za skrini na za osiloskopu, kile chombo kinachochora ishara za umeme. Wakajibu kwamba bidhaa zao hupimwa kabla ya kutoka, nikague nyaya zangu. Nikauliza tena swali moja tu: inasoma kloki ikipanda au ikishuka? Mhudumu akaniambia kama siwezi kusoma datashiti, nitafute fundi anisomee. Mimi! Ambaye datashiti yenyewe niliikariri hadi nambari za kurasa!

Nikageuza biti moja ya rejista, prosesa ibadilishe data kloki inapopanda, ili iwe imetulia kloki inaposhuka. Herufi zikatulia papo hapo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jedwali la muda katika datashiti hiyohiyo ni sahihi. Mapigo 525 ya kloki kwa mstari, mistari 286, mara 60 kwa sekunde, unapata megahezi 9 na kidogo, na kweli inakwenda hivyo. Ukishapiga hesabu ikakubali, utashuku vipi mchoro wa ukurasa unaofuata?

Sasa niseme haki: skrini ni nzuri mno. Rangi hazigeuki ukiitazama kutoka pembeni, na mwanga umeenea sawa hadi kwenye kona. Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema inunueni, geuzeni hiyo biti, mambo yaishe. Lakini namfikiria mtu ambaye prosesa yake haimruhusu kugeuza kloki. Huyo itabidi aongeze geti la kugeuza ishara kwenye ubao, na kabla hajafika huko atakuwa amebadilisha utepe, amechomelea lehemu upya kila pini, huku akiambiwa hajui kusoma. Hapana, siwezi kuwapeleka watu huko. Kama mnaitaka skrini ya aina hii, muulizeni muuzaji swali langu kabla ya kulipa, na asipojibu, ondokeni.

Marekebisho niliwatumia, na ukurasa wenyewe nikawatajia. Juzi nimeipakua tena ile datashiti. Mchoro ni uleule.