Nimelipia FLAC, nimeuziwa MP3 iliyovikwa kanzu

Nyota moja, kwa kuwa sifuri hawajaiweka.

Kifurushi cha bei kubwa cha huduma hii ya muziki kinaahidi nyimbo za FLAC, yaani ambazo hazijapunguzwa chochote, si kama MP3 inayotupa sehemu ya sauti ili faili iwe ndogo. Nikapakua taarab ya zamani, ganuni inalia kama iko ndani ya pipa la maji. Nikaifungua faili kwenye Spek, programu inayochora sauti kama grafu: juu ya kHz 16, kwenye sauti nyembamba kabisa, hakuna kitu, pamekatwa kama kwa panga. Kanda kuukuu hufifia huko juu taratibu. Mkato ulionyooka namna ile ni alama ya MP3, na kwa kawaida ni ya kbps 128, yaani iliyobanwa sana. Mtu kachukua MP3, kaigeuza FLAC, kaiuza. Kilichokwisha kutupwa hakirudi, hata faili uivimbishe kutoka MB 4 hadi 20.

Nikawatumia picha ya grafu. Jibu: "Ndugu mteja, huenda masikio yako yamezoea MP3."

Masikio! Grafu inatazamwa kwa macho, jamani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hilo la mazoea lina ukweli wake. Profesa Jonathan Berger wa Stanford alikuwa akiwasikilizisha wanafunzi wapya muziki uleule katika fomati mbalimbali, na mwaka hadi mwaka wanaopenda MP3 wakazidi. Kwenye MP3 hafifu matoazi hutoa "shaa" kavu, na pigo la ngoma hutanguliwa na mchakacho mdogo, maana hitilafu za kubana husambaa kipande kizima cha sauti, hata kabla ya pigo lenyewe. Aliyekulia humo huona ndio uchangamfu. Mpe sauti safi, atasema imepoa.

Na mwenye hedifoni za Bluetooth za kawaida anamaliza bando bure, kwa sababu SBC, mfumo wa kubana sauti unaotumiwa na hedifoni hizo, huibana sauti upya njiani, takriban kbps 328 ikiwa katika hali nzuri. Unabisha? Fanya jaribio la ABX, la kutambua kwa kusikia tu faili ipi ni ipi, kwenye programu ya foobar2000. Chukua WAV, yaani sauti isiyobanwa, tengeneza MP3 ya kbps 320 kutoka WAV hiyohiyo, sawazisha ukubwa wa sauti (inayozidi hata desibeli moja itaonekana bora), kisha sikiliza mara 16. Usipopatia angalau 12, usijisifu. Wengi hukwama hapo, nami nimo.

Kwa hiyo kifurushi chao cha bei ndogo, chenye nyimbo zilizobanwa, nakipenda, tena sana: wimbo wa dakika nne haufiki MB 10, haukwami, na hakijifanyi kitu ambacho sicho. Nilikuwa nimeshawapandisha hadi nyota tatu.

Halafu nikaisoma tena ile "masikio yako". Moja. Ibaki hapohapo.