Dau la chumba cha hoteli Mombasa: uliza jenereta kabla ya kuuliza bei

Wasomaji wanaolalamikia vyumba vya bei ya kutupa hapa Mombasa hawalalamikii kitanda, wala chai, wala umbali wa bahari. Wanalalamikia saa saba ya usiku. Stima imepotea, jenereta inanguruma uani, taa inawaka, televisheni inaonyesha mpira, na AC imenyamaza ukutani. Dirisha ni la alumini na linafunguka nusu. Dari ni tupu, halina pangaboi. Mtu anaamka shuka imelowa jasho, na akishuka mapokezi anajibiwa: "AC haivutwi na jenereta, dada."

Tangazo halikudanganya. Lilisema AC ipo, na ipo. Lilisema jenereta ipo, na ipo. Ila halikusema kwamba viwili hivyo havijawahi kukutana. Ndiyo maana njia za kununua chumba kwa dau, yaani kwa bei unayoiwinda au kuitaja mwenyewe, sizipangi kwa nyota, bwawa la kuogelea wala ukubwa wa televisheni, mambo ambayo kila mtu anayaona kwenye picha. Nazipanga kwa swali moja: je, njia hii inakupa nafasi ya kuuliza kuhusu jenereta kabla pesa haijatoka?

Hesabu yenyewe si ngumu. AC ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) isiyo ya inveta, yaani isiyoweza kupunguza mwendo wa mota yake, hula takriban kilowati 1.1 ikiwa imeshika mwendo, na kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi. Hoteli ya vyumba 30 inahitaji kilowati 33 kwa AC peke yake. Jenereta ya kVA 20 hutoa takriban kilowati 16, na humo zimo lifti, pampu ya maji, friji za jikoni, na taa na televisheni za vyumba vyote. Kwa hivyo fundi huacha laini ya AC nje ya chenjiova, swichi inayohamisha jengo kutoka stima ya kawaida hadi jenereta, na kazi yake inakuwa safi kabisa, ila mgeni hakuambiwa. Pangaboi moja hula wati 70 hivi. Vyumba 30 vyote kwa pamoja havifiki hata kilowati 2.2, mzigo ambao jenereta ileile inaubeba bila shida. Mwenye hoteli aliyeng'oa mapangaboi ili chumba kionekane cha kisasa kwenye picha aliokoa nafasi ya dari akaupoteza usingizi wa wageni wake.

Mwezi wa Machi ndio mbaya zaidi. Kaskazi inalegea, joto la mchana linapita nyuzi 32, na usiku haushuki sana. Chumba kilichofungwa bila upepo kinageuka chungu.

Kabla ya kuweka dau popote, fanya ukaguzi huu. Kwenye orodha ya vifaa vya chumba tafuta alama ya feni, si ya AC peke yake. Fungua picha zote uangalie dari. Wapiga picha huelekeza kamera kitandani, lakini dari huonekana kwenye kioo cha meza ya kujipamba au kwenye skrini ya televisheni iliyozimwa. Angalia na ukuta ulio kando ya mlango: nobu ya duara yenye namba 1 hadi 5 chini ya swichi ya taa ni regyuleta ya pangaboi. Dirisha la vioo vya kuteleza hufunguka nusu tu, kwa sababu kioo kimoja hukaa nyuma ya kingine, kwa hivyo dirisha pana bado lina tundu jembamba. Halafu tafuta kwenye maoni ya wageni maneno ya Kiingereza "power", "generator" na "fan". Mgeni mmoja aliyelala bila hewa hueleza mengi kuliko wageni 20 walioandika "nice stay".

Sasa njia zenyewe.

Ya kwanza, na naisema bila kuuma maneno, ni Booking.com, tovuti na programu ya simu ya kubuku hoteli, mradi uchague chumba cha kufuta bila gharama na kulipa hotelini. Watu hawaioni kama mnada, lakini ndiyo mnada bora tulio nao Mombasa. Unashika chumba kwa bei ya leo bila kutoa senti, halafu unaendelea kuwinda bei ya chini mpaka siku ya mwisho ya kufuta. Ikishuka, unashika upya kwa bei mpya na kuifuta ya zamani. Ukifungua akaunti tu unapata Genius daraja la kwanza, asilimia 10 ya punguzo kwa hoteli zilizojiunga. Ukikamilisha kulala mara 5 ndani ya miaka 2 unapanda daraja la pili, ambapo baadhi ya hoteli hutoa asilimia 15. Tafuta ukiwa kwenye simu, maana kuna bei zinazotokea huko na hazitokei kwenye kompyuta. Na la muhimu kwangu: jina la hoteli unaliona. Ukiliona jina unaweza kupiga simu, na ukipiga simu unaweza kuuliza.

Soma saa ya mwisho ya kufuta, si tarehe peke yake. Andika saa hiyo kwenye simu na uweke kengele ilie siku moja kabla. Ukitumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, kumbuka kwamba namba ya usalama ya kadi hiyo hubadilika. Hoteli ikijaribu kuithibitisha kadi baada ya siku tatu inaweza kukataliwa, na nafasi yako ikafutwa kwa kisingizio cha kadi batili. Baada ya kuweka nafasi, waandikie hoteli siku hiyohiyo kwamba utalipa kwa M-Pesa ukifika, na wajibu kwa maandishi.

Ya pili ni kuweka dau moja kwa moja kwa hoteli, na hii hufanya kazi vizuri zaidi ukiwa tayari umeshika chumba kwa njia ya kwanza. Hoteli huilipa tovuti kamisheni, na asilimia 15 ni kiwango cha kawaida. Chumba cha shilingi 5,000 kwenye programu kinaiachia hoteli 4,250. Kwa hivyo 4,400 kutoka kwako ni faida kwake na ni nafuu ya 600 kwako. Anza na 4,000, usipande kupita 4,400. Mtu anayeanza na 2,500 anaonekana hana nia, na mhudumu anaacha kujibu.

Piga simu kati ya saa nne na saa sita mchana, wageni wa asubuhi wakishaondoka na meneja wa zamu yuko. Mhudumu wa usiku hana ruhusa ya kushusha bei hata akitaka. Namba itoe kwenye tovuti ya hoteli yenyewe. Kisha tuma ujumbe wa WhatsApp ili ubaki na maandishi. Mfano wa ujumbe unaojibiwa:

"Habari za asubuhi. Naomba chumba cha watu wawili, kitanda kimoja kikubwa, Jumapili hadi Jumanne, siku mbili. Naweza kulipa 4,100 kwa usiku pamoja na kodi zote na chai ya asubuhi ya watu wawili, kwa M-Pesa leo. Tafadhali nijulishe mambo mawili: stima ikipotea, AC ya chumba inawaka kwa jenereta? Na kama haiwaki, chumba kina pangaboi?"

Ona vile swali limegawanywa. Ukiuliza "mna jenereta?" utajibiwa "ndiyo, karibu sana", na hujajua lolote. Ukiuliza kuhusu AC ya chumba chako, mhudumu mwaminifu atasema, na asiye mwaminifu atazungukazunguka. Jibu la kuzunguka nalihesabu kuwa hapana. Hoteli ikisema AC haiwaki lakini pangaboi lipo, chukua. Ikisema zote mbili hakuna, ondoka hata kama bei ni 3,000.

Pesa itume kwa till au paybill inayotoa jina la hoteli kabla malipo hayajakamilika. Jina likiwa la mtu binafsi, simama hapo. Mitandao ya kijamii imejaa "mawakala" wenye picha za hoteli za watu, wanaodai nusu ya malipo kwa namba ya kawaida, kisha simu haipatikani. Msimu wa Desemba ndio mavuno yao. Ukishapata uthibitisho wa maandishi, ndipo ufute nafasi uliyoshika kwenye programu, kabla ya saa yake.

Siku zina uzito kuliko maneno. Hoteli za mjini kisiwani, pande za Moi Avenue, Digo Road na Haile Selassie, huishi kwa wasafiri wa kazi, kwa hivyo Ijumaa na Jumamosi ndipo dau lako linasikika. Za ufuoni, Nyali hadi Shanzu, ni kinyume chake: Jumapili hadi Jumatano. Aprili hadi Juni, mvua ya masika ikishika, kila mahali pana vyumba. Pasaka, Agosti ya likizo za shule na wiki mbili za mwisho wa Desemba usipoteze muda wako kuweka dau.

Ya tatu ni Agoda, yenye matangazo ya siri yanayoficha jina la hoteli mpaka ulipe. Ni ndugu wa Booking.com, ilinunuliwa na kampuni hiyohiyo mama mwaka 2007. Bei zake hushuka kweli, lakini bei ya kwanza unayoiona mara nyingi haina kodi, na ile ya siri kwa kawaida hairudishwi. Ukitaka kujaribu, ivue barakoa kwanza: chukua nyota, mtaa, alama za wageni na orodha ya vifaa, ulinganishe na hoteli zilizo wazi za mtaa huo. Zikibaki mbili au tatu, ziulize zote swali la jenereta. Zote zikijibu vizuri, lipa.

Ya nne ni mchezo wa Kimarekani wenyewe, wa kuweka dau kwa hoteli usiyoijua jina. Tovuti ya Priceline iliuanza mwaka 1998: ulikuwa unachagua mtaa na nyota, unataja bei yako, unatoa kadi. Hoteli ikikubali, kadi inakatwa papo hapo na ndipo unajua umelala wapi. Ikikataa, ilikubidi ungoje saa 24 au ubadilishe kitu, kama kuongeza mtaa. Wazoefu waliongeza mtaa usio na hoteli ya nyota hizo ili wapate dau la pili bila hatari. Mnada wa tiketi za ndege ulifungwa mwaka 2016, na wa hoteli nao ukaondolewa baadaye. Kilichobaki ni Express Deals za jina lililofichwa, na Pricebreakers, ambapo unaonyeshwa hoteli tatu na kupewa moja. Hotwire, iliyoanza mwaka 2000, ni wa ukoo huohuo. Kwa Chicago njia hizi zinafaa. Kwa Mombasa, kuficha jina ni kuficha jenereta, na neno "Mombasa" kwenye tovuti za nje huweza kukupeleka mpaka Diani au Kikambala. Aliyepelekwa Diani na ana kikao kisiwani saa mbili asubuhi atajikuta amesimama kwenye foleni ya feri ya Likoni na begi mkononi. Sizipendekezi.

Nikiwa hapo hapo, kuna jambo la bei ambalo wenye hoteli wetu wanapaswa kulisikia. Mji unapokea mishahara kwa shilingi, mbona chumba cha mjini kinatajwa kwa dola? Na mbona chumba cha 4,000 kinakuwa 4,720 mtu akifika kaunta? Tunaijua VAT ya asilimia 16, tunaijua ada ya utalii ya asilimia 2, hakuna anayezikataa. Ziandikwe kwenye bei ya kwanza. Hoteli nyingine huongeza asilimia 10 ya huduma juu yake, na chumba kilekile kinafika 5,120. Chai ya asubuhi "imejumuishwa", kumbe ni ya mtu mmoja, na mke analipishwa kivyake. Mwananchi mwenye kitambulisho anatozwa bei ya mgeni wa nje kwa sababu alibuku kupitia tovuti ya nje. Huu si ukarimu wa Pwani. Kwa hivyo kila dau lako liwe na maneno "pamoja na kodi zote", na ubebe kitambulisho.

Gesti za Mwembe Tayari na Makupa hazina cha kupigia dau. Unaingia, unaonyeshwa chumba, unapatana, unalipa. Nyingi bado zina pangaboi, na kwa hilo nazisifu.

Nyumba za kukodi za Nyali na Bamburi zitizame kwa ada ya usafi, ambayo kwa usiku mmoja hula punguzo lote. Jenereta ya jengo mara nyingi ni ya lifti na taa za ngazi tu. Muulize mwenye nyumba swali lilelile.

Ukifika hotelini, usiweke sahihi kwanza. Omba uonyeshwe chumba, washa pangaboi na uzungushe nobu mpaka namba 5, ungoje nusu dakika. Likigugumia au likizunguka polepole kwa namba zote tano, huenda kapasita yake, kifaa kidogo kinachosaidia mota kuzunguka, imechoka, na usiku halitasukuma hewa. Omba chumba kingine begi likiwa bado mapokezi.