Lenzi ya Canon 50mm: Kumpiga Mbwa Picha Nyumbani Bila Flashi

Habari zenu watazamaji wangu, na wakubwa zangu shikamooni. Niko nyumbani Moshi, na huyu aliyelala miguuni pangu ni Makaa. Ana miaka 11, mweusi tii, mdomo umeanza kuota mvi. Nataka picha zake nzuri angali nami, ndiyo maana leo tunaiongelea hii: Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015.

Flashi niliacha zamani. Nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga, kwa hiyo ukimpiga flashi macho yanawaka kijani. Na Makaa mwenyewe anainuka, anaondoka. Tunabaki na dirisha, na madirisha yetu mnayajua: nondo, wavu wa mbu, pazia, halafu nje migomba. Lenzi iliyokuja na kamera yangu, ile 18-55, ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi). Hii kwa f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi. Zamani nilipiga kwa shata ya 1/20 ya sekunde, mkia ukatoka ukungu mtupu. Sasa pale pale napiga 1/200 na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, sijaigusa.

Lakini f/1.8 hiyo hiyo itakuharibia picha. Ukiwa mita moja kutoka kwa mbwa, sehemu inayotoka kali ina kina cha kama sentimita 3. Mbwa ana pua iliyotangulia! Nina picha nyingi sana za Makaa ambazo pua inang'aa vizuri na macho yamefifia. Akinitazama uso kwa uso naweka f/2.8, hata f/4. Akigeukia pembeni, f/2 inatosha. Chagua mwenyewe nukta moja ya fokasi, yaani pale kamera inapolenga ukali, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Ukiiachia kamera, mara nyingi itashika pua.

Wenye mbwa weusi, nisikilizeni. Kamera ikiona weusi mwingi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga mpaka mbwa anakuwa wa kijivu. Punguza mwangaza wa picha hadi -1 kwenye kipimo cha +/- cha kamera. Mbwa mweupe, fanya kinyume chake.

Mkeka wake nautandika ubavuni mwa dirisha, mwanga umpitie kwa upande na manyoya yaonekane moja moja. Upande wa pili natundika shuka jeupe kwenye kiti ili kivuli kisizidi. Mawingu ya Juni na Julai yakifunika Kilimanjaro watu wanalalamikia baridi, mimi nashukuru, maana mwanga unakuwa laini hadi mchana.

Kasoro zipo. Mota ya fokasi inasikika, na ikifika saa kumi na mbili jioni inahangaika kutafuta. Haina kitulizi cha mtikisiko. Kwenye kamera yenye kihisi kidogo kama yangu inakuwa sawa na 80mm, yaani inavuta karibu zaidi, kwa hiyo sebuleni narudi nyuma mpaka mgongo unagusa mlango. Ukinunua ya mtumba, jaribu fokasi palepale dukani, ya kwanza niliyouziwa ilikuwa imekwama.

Kwa mwenye mbwa na dirisha moja zuri, naipendekeza kwa moyo wote. Hii hapa ya leo asubuhi, saa mbili, f/2.8. Tazameni jicho: dirisha letu lote limo humo, na nondo zake.