Altivar 12 kwenye mashine ya kukereza: uzoefu wangu na VFD ya fezi moja

Ninayoizungumzia hapa ni Schneider Altivar 12, modeli ATV12HU15M2. Ni VFD, yaani kifaa kinachobadilisha kasi ya mota kwa kubadilisha hertzi za umeme unaoiendesha. Ni ya kilowati 1.5, inaingiza fezi moja ya volti 200 hadi 240 na kutoa fezi tatu za volti hizo hizo. Kazi yake ni kuendesha mashine ya kukereza yenye mota ya kilowati 1.5, mizunguko 1420 kwa dakika. Kwa karakana isiyo na umeme wa fezi tatu naipendekeza bila kusita, isipokuwa kwenye suala la breki, ambalo ni udhaifu wa kweli.

Kabla ya kutoa pesa, soma kibati cha mota. Kinachotakiwa ni 230/400 V, delta/staa (njia mbili za kuunganisha koili tatu za mota: delta kwa volti 230, staa kwa 400), na namba mbili za ampea, kwa mfano 5.9/3.4. VFD hii haiwezi kutoa volti zaidi ya zile inazopokea, kwa hiyo mota lazima ifungwe delta. Mota iliyoandikwa 400/690 haifai. Mota ya fezi moja yenye kapasita haifai kabisa: usijaribu hata kidogo, na wala usiongeze kapasita yoyote upande wa kutoka.

Hapo kwenye delta ndipo watu wengi wanapokwama. Mota nyingi zimetoka kwenye mashine za volti 400, hivyo zimefungwa staa. Ukifungua kasha la temino utakuta vibati vya shaba vimelazwa kwa mstari mmoja, vikiunganisha W2, U2 na V2. Vitoe uvisimamishe: U1 na W2, V1 na U2, W1 na V2. Ukiiacha staa, kila koili inapata volti 133 badala ya 230, na nguvu ya kuzungusha inabaki kama theluthi moja. Mota itazunguka vizuri tu ikiwa haina mzigo, lakini kisu kikigusa chuma inazimika. Fundi anailaumu VFD, kumbe kosa liko kwenye vibati vitatu vya shaba.

Umeme unaingia R/L1 na S/L2/N. Usishangae kuona mota ya ampea 6 inaifanya VFD ivute karibu ampea 15 kutoka ukutani, na zaidi ya hapo volti zikishuka. Ndivyo fezi moja inavyolipa deni la fezi tatu. Mimi nashauri waya wa milimita za mraba 4 na sakitibreka ya ampea 25, laini ya peke yake, bila soketi za watu wengine. Kama kuna breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30, iwe aina ya A. Ile ya kawaida ya AC haifai, kwa sababu hitilafu ndani ya VFD inaweza kuvujisha umeme wenye sehemu ya DC, ambao aina ya AC huenda isiugundue.

Kutoka U, V na W nenda moja kwa moja kwenye mota. Usiweke swichi wala kontakta (swichi inayovutwa kwa sumaku) njiani ya kukata mota ikiwa inazunguka. Swichi ya zamani ya mbele na nyuma iliyopo kwenye mashine iondoe kwenye njia ya nguvu. Unaweza kuitumia upya kama swichi ya amri. Waya wa mota uwe wenye kingio la nyuzi za shaba, kingio lishikwe kwenye ethi pande zote mbili, na ethi ifike hadi kwenye mwili wa mashine. Ukipuuza hili, redio itaunguruma na kipimo cha kidijitali cha mashine kitaonyesha namba zinazorukaruka.

Amri ni rahisi, na hapa Altivar inanifurahisha. Ikitoka kiwandani iko tayari kwa waya mbili: swichi kati ya temino za +24V na LI1, mota inakwenda. Potentiometa (kitufe cha kuzungusha cha kuchagua kasi) ya kilo-omu 2.2 hadi 10 inafungwa kwenye temino za +5V, AI1 na COM, mguu wa kati ukiwa AI1. Kurudi nyuma hakuji bila kuomba. Kwenye menyu weka kipimo cha rrS kiwe L2H, kisha tumia temino ya LI2.

Kuweka vipimo kunafanywa kwa kile kitufe cha kuzungusha na kubonyeza. Kioo kina herufi nne tu, na herufi zenyewe zinasomeka kwa kubahatisha mwanzoni. Kama ni ya mitumba, anza na FCS, chagua InI, irudi hali ya kiwandani, maana hujui mwenye nayo aliacha nini. Halafu ingia menyu za COnF, FULL, drC-, uandike yaliyo kwenye kibati: bFr 50 (hertzi za umeme wa kwenu), nPr 1.5 (kilowati), UnS 230 (volti), FrS 50 (hertzi za mota), nCr 5.9 (ampea), nSP 1420 (mizunguko). Ampea ni za upande wa delta, yaani ile namba kubwa. Ctt, yaani namna VFD inavyoiongoza mota, inakuja ikiwa Std. Kwa mashine ya kukereza iweke PErF, kisha tUn iwe YES mota ikiwa baridi na imeunganishwa. VFD itapima koili kwa muda mfupi, shafti isizunguke, na kuandika dOnE. Ukiona tnF, mara nyingi waya mmoja wa mota umelegea au hukuuunganisha.

Usisahau ItH, ndani ya FLt- kwenye tHt-. Hii ndiyo inayolinda mota isiungue, na inatakiwa iwe sawa na ampea za mota, hapa 5.9. Ukiiacha ilivyo italinda VFD yenyewe, ambayo ina uwezo wa ampea 7.5, na mota yako itakuwa inapikwa taratibu.

Sasa breki. ACC (muda wa kupanda kasi) na dEC (muda wa kushuka) zinakuja zikiwa sekunde 3. Kuwasha kwa sekunde 3 ni sawa. Kuzima ni habari nyingine: chaki nzito ya chuma (ile inayoshika kipande kinachokerezwa) ikiwa kasi ya juu inarudisha umeme ndani ya VFD, kapasita zinajaa, na kioo kinaandika ObF. Altivar 12 haina transista ya breki ndani. Ipo moduli ya nje, VW3A7005, inayofungwa PA/+ na PC/-, lakini inaongeza gharama. Bila hiyo, acha brA iwe YES, ili VFD irefushe yenyewe muda wa kusimama, na uweke dEC sekunde 6 hadi 10. Anayetaka chaki isimame papo hapo atafute VFD yenye breki ndani. Na kama chaki yako inafungwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi za shafti, usiipe breki kali wala kuigeuza ghafla. Itafunguka na kuruka.

Kwa kasi, LSP (kasi ya chini kabisa) naiweka hertzi 15 na HSP (ya juu kabisa) 75. Chini ya hapo si kwamba haitazunguka. Feni ya mota imefungwa kwenye shafti yake, hivyo kwa hertzi 10 inapuliza hewa kidogo mno huku koili zikibeba ampea zile zile. Kukata nyuzi za skrubu kwa dakika chache hakuna tabu. Kazi ndefu ya kasi ndogo inadai feni ya pembeni yenye umeme wake. Juu ya hertzi 50 volti zimeshafika kikomo, 230, kwa hiyo nguvu ya kuzungusha inapungua kadiri kasi inavyopanda. Ndiyo maana puli na mkanda visitupwe: kazi nzito ya kasi ndogo ihamishie kwenye puli ya chini, VFD itumike kurekebisha tu. Anayedhani VFD inachukua nafasi ya gia zote atasikitika.

Jambo moja dogo linalostahili sifa: umeme ukikatika na kurudi, mota haiwaki yenyewe hata kama swichi imeachwa mbele. Lazima uizime swichi na kuiwasha tena. Hicho ni kipimo cha tCt kikiwa trn, nacho usikibadilishe. Volti zikishuka sana utaona USF. Hapo tatizo ni laini, au waya mwembamba unaotoka mbali.

Ile sauti nyembamba ya mota inatokana na SFr, yaani kasi ya transista za VFD kuwaka na kuzima, ambayo ni kilohertzi 4. Ukiipandisha sauti inapungua, ila VFD inapata moto zaidi na uwezo wake wa ampea unashuka. Mimi naiacha.

Ifunge ndani ya boksi la chuma, na uiachie nafasi ya milimita 50 juu na chini. Ni IP20, haina kinga yoyote ya vumbi, na unga wa chuma kutoka kwenye mashine ya kunoa ukiingia ndani unapitisha umeme. Kabla ya kugusa waya zima breka na usubiri dakika 15, kisha pima PA/+ na PC/- hadi zishuke chini ya volti 42. Ukitaka kupima mota kwa mega (kipimo cha kuona kama kinga ya koili inavuja umeme), chomoa kwanza U, V na W kutoka kwenye VFD. Volti 500 za mega zikirudi ndani zinaua transista za kutoa umeme.